Nimeacha Gari ya Abiria, Kazi Mpya Hainipi Raha

SWALI: Assalaamu alaykum. Kwa miaka mingi nimeendesha gari ya abiria ya njia ya shamba, nikimkabidhi tajiri hesabu yake kila jioni, na kinachobaki tukigawana mimi na utingo. Baada ya Idi niliajiriwa na kampuni ya kutembeza watalii, kazi yangu ikiwa kuwapokea wageni Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume na kuwapeleka hoteli za Paje na Jambiani. Mshahara ni wa uhakika na gari ni nzima, lakini nashinda nikisubiri ndege, njiani mgeni hasemi neno, na usiku narudi nyumbani nikijiona kama sikufanya kazi. Je, nirudi nilikotoka?
Dereva, Fuoni

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Kwa maoni yangu, usirudi. Naona ulichokikosa ni kipimo. Hesabu ilikuwa ikikwambia kila magharibi kama siku imekwenda vyema, na utingo na abiria wakikusifu au kukulaumu papo hapo. Sasa hakuna anayekupima, kwa hiyo kipimo itabidi ukiweke mwenyewe, na ukitoe katika udereva wenyewe.

Chukua njia yako ya Paje. Ukishapita Tunguu na kuingia msitu wa Jozani, utakutana na matuta yaliyowekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima punju, wanyama ambao asili yao ni Unguja tu, hawana kwao kwengine duniani. Mwenye kuwahi abiria huliona tuta kuwa ni kero. Wewe sasa huna wa kushindana naye, basi punguza mwendo mapema, shusha gia, ulipande tuta taratibu kiasi kwamba mgeni aliyesafiri usiku kucha asizinduke usingizini. Mbele kidogo, Kitogani, njia ya Makunduchi inapojitenga na ya Paje, watoto waliotoka skuli hutembea ukingoni mwa barabara, na mmoja huweza kukatisha ghafla bila ya kutazama nyuma. Ukiwapita pale bila ya kulazimika kufunga breki kwa nguvu, hiyo ni kazi, tena ni kazi ya fundi, hata kama hakuna aliyeiona.

Kimya cha mgeni usikichukulie kuwa ni dharau, kwani aliyeshinda ndani ya ndege mara nyingi hutaka kupumzika tu. Mkaribishe, muulize kama ndiyo mara yake ya kwanza kufika Zanzibar, kisha mwachie yeye aamue. Na saa za kusubiri zitumie: angalia upepo wa matairi na maji ya rejeta, futa vioo, jifunze kulitamka jina la unayempokea. Wageni wa Kitaliano ni wengi kwetu, na vijana wengi wa pwani ya mashariki wameiokota lugha yao kwa kuzungumza nao tu. Wewe una nafasi hiyo hiyo.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, nami nalidhania. Uliyezoea kushika fedha kila usiku, mshahara wa mwisho wa mwezi hukufanya ujione mikono mitupu, na nyumbani pia wamezoea kupewa ya matumizi kila siku. Kaeni na mkeo mugawe mshahara kwa wiki, fungu la kodi na la skuli likiwekwa kando siku ile ile unapolipwa. Naamini sehemu ya unyonge wako inatoka hapa.

Ama ikiwa unapokea ndege ya usiku wa manane kisha asubuhi unatakiwa tena barabarani, hapo subira si dawa, kwa sababu usingizi wa dereva huua. Zungumza na msimamizi wako, mukubaliane saa za kupumzika na ziandikwe katika mkataba, na ufanye hivyo kabla ya Julai, maana wageni wakishajaa hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza.