Nili yangu inatoka yote nikifua, niliuziwa unga feki?

SWALI: Habari fundi. Niko Nakuru upande wa Lanet. Nilichanganya unga wa nili, chokaa na sukari kwa maji moto vile nilielezewa, nikachovya merikani mita tatu, ikatoka bluu safi kabisa. Kufua mara ya kwanza, beseni lote bluu na kitambaa kimebaki na rangi ya mawingu. Nikarudia na chumvi ndio rangi ishike, bado. Huo unga ni feki?

JIBU: Pole dada, lakini kabla umuendee aliyekuuzia unga, nikuulize, wakati unachovya, maji ya ndani yalikuwa rangi gani? Kama yalikuwa bluu basi shida ni hiyo. Nili ikiwa tayari ndani haiwi bluu, inakuwa manjano inayoelekea kijani, alafu juu inashika ngozi ya bluu inang'aa kama shaba, na povu.

Sababu ni hii, nili haiyeyuki kwa maji. Ukiikoroga tu inaelea vipande vidogo vidogo na inakaa juu ya kitambaa vile vumbi inakaa kwa kiatu, sabuni ikipita imeenda. Lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji makali ya chokaa, hapo ndo inayeyuka na kuingia ndani ya uzi, alafu ukitoa kitambaa nje hewa inairudisha bluu ikiwa tayari imenaswa huko. Ndio maana kitambaa kinatoka kijani na kinageuka ukikiangalia, mimi hadi leo nikiona hivo naita watoto waje waone.

Sasa nani ananyang'anya hiyo oksijeni? Sukari. Na hapa ndo nafikiri ulikosea, kwa sababu hukusema ni sukari gani, na kama ni ile ya chai haina hiyo nguvu hata uweke kilo. Inatakiwa fruktosi, ile sukari ya matunda. Ukikosa, glukosi ya unga ya dukani inafanya ingawa polepole, ama ndizi zimeiva mpaka ganda ni jeusi, chemsha uchuje hayo maji. Kipimo chenye watu wengi wanatumia ni moja mbili tatu kwa uzito, yaani nili gramu 50, chokaa 100, fruktosi 150, kwa maji kama lita 10.

Chokaa pia angalia. Mimi mara ya kwanza hapa Kisumu niliuziwa ya shamba, nikakaa siku mbili nangojea sufuria, kumbe hiyo haina ukali wa kutosha. Chukua ya wajenzi, mfuko mpya, iliyokaa wazi inaharibika na hewa. Na vaa glovu, inachoma.

Usimwage hiyo sufuria, nili bado iko. Pasha hadi kama digrii 50, ongeza glukosi, koroga polepole bila kuingiza hewa, funika, ngoja masaa kadhaa. Nakuru usiku kuna baridi, funga na blanketi kuukuu.

Unga wala usiushuku sana, hata ile ya kiwandani yenye Wajerumani wa BASF, kampuni ya kemikali, walianza kuuza 1897 ni nili ileile na inafuata sheria zilezile. Mafundi wa Kofar Mata kule Kano, Nigeria, visima vyao vya kutia rangi vinasemekana ni vya tangu 1498, hawaweki fruktosi, wao wanachachusha kwa siku nyingi na majivu, wadudu wadogo ndio wanafanya kazi ya sukari. Majivu kabisa, kama musherekha, yale maji ya majivu yenye watu wa Western wanapikia mboga ya mrenda, ukali ni uleule.

Chumvi acha, nili haihitaji. Bluu nzito inatoka kwa kuchovya mara nyingi, kitambaa kikiwa kimelowa tayari, dakika tano hivi, toa bila kurusha matone, anika hewani robo saa mpaka kijani kiishe, rudia mara nne ama tano. Mwisho suuza na maji yenye siki kidogo kuondoa chokaa, ndo ufue. Maji ya kwanza yatatoka na bluu kidogo, usishtuke, ila anza na kipande cha kiganja, hiyo merikani ingine isubiri.