Boxer iliyotoka kwenye bodaboda: kagua injini, kisha kadi

Ndugu uliyeuliza kama pikipiki ya Boxer BM 150 iliyofanya kazi ya bodaboda inafaa kwa safari za kwenda kazini, naona inafaa, kwa sababu injini yake ya silinda moja inayopozwa kwa hewa ni rahisi kutengeneza na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo ya Tanzania.

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini uhakikishe ni ya baridi, iwashe, kisha tazama eksozi: moshi wa bluu usiokoma maana yake inaunguza oili, na mara nyingi ringi za pistoni zimechoka. Usitegemee sana kilomita zilizoandikwa, kwani kebo ya spidi hukatika na wengi hawaibadilishi. Raba za kukanyagia zilizolika na meno ya sproketi (gia za cheni) yaliyochongoka hueleza ukweli zaidi.

Lililo zito kuliko injini ni kadi ya usajili. Pikipiki nyingi za bodaboda huendeshwa kwa mkataba, ambapo dereva hulipa kidogo kidogo huku kadi ikibaki kwa mwenye mali, kwa hiyo anayekuuzia huenda hajamaliza deni. Linganisha namba za chasisi na injini na zilizomo kwenye kadi, onana ana kwa ana na mwenye jina lililo kwenye kadi hiyo, na msikamilishe malipo kabla ya kubadilisha umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA). Bakiza fedha ya oili, cheni mpya na helmeti nzuri.