Machale au wasiwasi? Uliza nani aliifundisha hiyo hisia

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako wote na majibu yaliyotangulia. Kwa waliochelewa kufika: binti ameposwa, nusu ya mahari imeshapokelewa, na roho yake haijatulia. Mchumba akichelewa kujibu meseji, tumbo linamkoroga. Halafu huyo bwana mwanzoni alisema anafanya kazi bandarini, baadaye ikawa kwa wakala wa forodha, sasa hivi ni "biashara zangu binafsi". Na aliyekuwa naye kabla ya huyu alipotea bila hata kuaga. Anauliza: haya ni machale, au ni wasiwasi tu wa mtu aliyewahi kuumizwa?

Wengi mmemjibu kwamba machale huja kwa utulivu na wasiwasi huja kwa kelele. Kwa yale niliyoyaona, hiyo kanuni haishiki. Mimi ni mkunga, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, na machale yangu ya kazini hayajawahi kuja kwa utulivu. Yanakuja moyo ukidunda na mikono ikitoka jasho, vilevile kabisa kama wasiwasi. Mwili una kengele moja tu ya hatari. Aliyeigonga humjui kwa kusikiliza mlio.

Nikupe mfano. Mama amejifungua salama, kondo limetoka lote, sindano ya oksitosini, ile ya kukaza mji wa mimba usivuje damu, ameshapata, presha 110/70. Kwenye faili hana tatizo lolote. Napita kitandani kwake kumfuata mwingine, nasita. Kuna kitu hakiko sawa. Ukiniuliza wakati ule ni kitu gani, nisingekuwa na jibu. Nikarudi nikamtazama vizuri: anajigeuzageuza, anaomba maji kila mara, mtoto yuko pembeni yake hata hamwangalii. Nikamshika mkono, wa baridi. Mapigo ya moyo 120 kwa dakika. Kubonyeza tumbo, mji wa mimba umelegea na umepanda juu ya kitovu. Kuusugua, yakatoka mabonge ya damu yaliyokuwa yamejikusanya humo ndani. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake bado inasoma vizuri. Mapigo ndiyo hutangulia kupanda, presha huanguka baadaye, na ukisubiri ianguke umechelewa. Huyo tulimwahi.

Sasa wenzangu wengine walisema nina karama. Sina karama yoyote. Nilichokuwa nacho ni wanawake wengi niliowaona wakijifungua kabla yake, na kila mmoja alinipa majibu ndani ya saa chache: nilidhani yuko vizuri, kweli yuko vizuri, nilidhani yuko vizuri, kumbe anavuja. Macho yakajifunza kuona ule uhangaikaji kabla akili haijapata maneno ya kuusemea. Machale yangu yana mwalimu, na mwalimu wake ni mkali.

Nikitoka kazini sasa. Baba yangu alifariki nikiwa bado shuleni, na habari ilikuja kwa simu ya usiku. Mume wangu anaendesha basi la mikoani. Akiwa safarini na simu yake ikawa haipatikani, moyo unanidunda kama ulivyonidunda pale kitandani kwa yule mama. Hakuna tofauti hata kidogo, nimejichunguza. Tofauti iko kwenye swali la nani aliifundisha hiyo hisia. Hii ya simu ilifundishwa na usiku mmoja tu, na tangu hapo haijawahi kukubali kusahihishwa.

Na kwa nini haisahihishwi? Hapa naomba usome taratibu maana naona ndipo ulipokwama. Nikipiga simu mara kumi mpaka apokee, nikasikia sauti yake, napata nafuu. Lakini ule wasiwasi haujifunzi kwamba ulikosea. Unajifunza kwamba kupiga simu mara kumi ndiko kulikoleta nafuu, kwa hiyo kesho unadai mara kumi na tano. Wewe umeandika kwamba mchumba asipojibu unaangalia kama yuko hewani, unatuma alama ya kuuliza, unampigia dada yake. Kila ukifanya hivyo unaulisha. Wataalamu wa tiba ya wasiwasi wanamtaka mgonjwa aache hayo maangalizi kidogo kidogo na avumilie dakika ngumu bila kuyafanya, ili mwili ujionee wenyewe kwamba mtu anaweza kukaa saa tatu bila kujibu na asiwe amekuacha.

Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika makala pamoja ingawa walikuwa wapinzani kwenye suala hili. Klein alikuwa akiwasifu makamanda wa zimamoto na wataalamu wengine wenye machale. Kahneman alikuwa ameonyesha jinsi hisia zinavyotupotosha huku tukijiamini kabisa. Wakakubaliana kwamba hisia ya mtu inastahili kuaminiwa mahali penye masharti mawili: pawe na dalili zinazojirudia kwa utaratibu, na mhusika awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza na kuona majibu yake. Walitaja wauguzi wa watoto wachanga waliokuwa wakihisi mtoto ana maambukizi kabla ya majibu ya damu kutoka. Upande wa pili waliwaweka wachaguzi wa hisa na watabiri wa siasa. Kingine walichosisitiza: kule kujiona una uhakika si ushahidi wa chochote.

Kwa hiyo nikiona mtu anahubiri "jiamini", nauliza, ujiamini katika lipi? Mimi najiamini leba. Kwenye kununua kiwanja sijiamini hata chembe, nitahisi vizuri kuhusu dalali yeyote anayetabasamu. Kuhusu mume wangu barabarani nimejizoeza kutojisikiliza kabisa.

Turudi kwako. Umechanganya hisia mbili kwenye kapu moja, zitenganishe. Ile ya meseji imefundishwa na yule mwanaume wa kwanza. Huyu wa sasa wala hahusiki, anachapwa kwa kosa la mwenzake. Ungeolewa na malaika, akichelewa kujibu ungetetemeka vilevile.

Hii ya kazi ni habari nyingine. Umesikia maelezo matatu yasiyolingana kutoka kinywa kilekile, na umekua nyumbani kwa mama muuza duka anayekopesha watu (umeandika mwenyewe). Tangu utotoni umesikia watu wakieleza kwa nini hawana hela, na mwisho wa mwezi ukaona nani alilipa na nani alihama mtaa. Hapo una mwalimu. Mtu anapobadilisha maelezo kuhusu riziki yake, sikio lako linajua kitu. Sisemi ni tapeli. Anaweza kuwa aliachishwa kazi akaona aibu, vijana wengi wanaficha hilo hasa wakati wa mahari. Ila ni jambo linaloweza kukaguliwa, kama nilivyoweza kushika mapigo ya yule mama. Hisia ikinipa kitu cha kwenda kukagua, naifuata hadi mwisho. Ikinipa tu "je, kama...", na nikijibu inaleta "je, kama" nyingine, naiacha ipige kelele huku naendelea kupika.

Chukua daftari. Kila hisia ikija, andika unachotabiri, na siku. Usiandike "nahisi vibaya", andika "naamini leo hatajibu mpaka usiku na atakuwa na visingizio". Kisha andika kilichotokea. Miezi miwili inatosha kukuonyesha ni hisia zipi zako zinapatia na zipi ni maneno matupu. Kumbukumbu pekee haifai, maana inatunza zile mara tulizopatia na kuzitupa nyingine zote.

Haya yote hayahusu hatari ya papo kwa papo. Uko kwenye bodaboda usiku na dereva kakata njia usiyoijua, shuka penye watu. Ukikosea umepoteza elfu mbili. Mwanaume akinyanyua mkono, ondoka kwanza, uchambuzi utaufanya ukiwa kwenu.

Pia usidharau mwili wenyewe. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vyote hudundisha moyo, mtu akadhani ana maono. Mimi nikitoka zamu ya usiku na kahawa tatu tumboni, siamini hisia yangu yoyote mpaka nilale. Na kama huu wasiwasi uko karibu kila siku kwa miezi sita au zaidi, unakunyima usingizi na unahamia kila jambo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili. Watu wakisikia Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, wanacheka, lakini nimewapeleka kina mama wengi kwenye vitengo hivyo baada ya kujifungua na walirudi kuwa wenyewe.

Aliyeshauri istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu mwongozo, hapo juu hajakosea, ila wenzangu Waislamu kazini wananiambia si lazima kungoja ndoto. Mtu anaswali, anashauriana na watu, anachukua hatua.

Hatua yenyewe unayo tayari, maana mahari imepita kwa mshenga. Huyo mzee kazi yake haikuishia kubeba barua. Mwambie baba mdogo wako amwite kabla ya kikao cha mwezi ujao, amuulize kijana anafanya kazi wapi na nani anaweza kuthibitisha. Kusogeza kikao mbele si kuvunja uchumba, na kijana mwenye nia hatakasirika kuulizwa. Jibu likija, lete hapa.