Kabla ya Kuhesabiwa, Jihesabuni

Nimezaliwa katika nyumba ya umma ya kupanga, Eastlands, Nairobi: chumba kimoja, dirisha moja, na bomba la maji uani tunalolitumia pamoja na majirani. Mtaa wenyewe sitautaja, wala wenye nyumba wetu, maana mazungumzo nao yanaendelea na majirani hawakunituma kuyamwaga hadharani. Ila kwa kuwa nimekuwa katibu wa wapangaji kwa miaka kadhaa, napigiwa simu na watu wa mitaa mingine. Wameambiwa nyumba zao zitabomolewa zijengwe ghorofa, na wameitwa mkutanoni. Wanauliza wafanye nini. Nami huwauliza kwanza: mna orodha yenu wenyewe ya wanaoishi humo?

Niwaeleze nilivyofika hapo.

Mkutano wa kwanza tulioitiwa ulikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Wenye vibarua walikuwa vibaruani, na akina mama wengi walishaondoka alfajiri kwenda soko la Gikomba kuchukua mali ya kuuza. Tuliofika tulikuwa wachache mno kwa mtaa mzima. Tulionyeshwa picha za maghorofa yenye miti na watoto wanaocheza, tukapewa soda na mkate, kisha ikapitishwa karatasi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Nikatia sahihi kama wengine. Miezi minne baadaye nilipata nakala ya ripoti ya mradi. Karatasi ile ile ilikuwa imebandikwa nyuma, na ndani ya ripoti imeandikwa kuwa wakaazi walishirikishwa na wakauunga mkono mradi. Hakuna aliyetuuliza kama tunauunga mkono. Usiku ule nilikaa na ile nakala mapajani, naitazama sahihi yangu, na jina la mzee wa nyumba ya pili ambaye hajui kusoma na aliyebandika kidole gumba kwa sababu mimi nilimwambia hakuna neno.

Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia kwenye karatasi ndogo kabla ya katiba. Usitie sahihi kabla ya kusoma kilichoandikwa juu ya ukurasa. Kama juu hakuna kitu, andika wewe, kwa kalamu yako: “Mahudhurio tu, si kukubali mradi.” Kisha ipige picha kwa simu kabla haijaondoka mbele yako. Kuna wanaosema tususie kabisa. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu asiyeandikwa popote huja kuambiwa hakuwepo, na akishaambiwa hakuwepo hana pa kushika.

Baada ya hapo tuliamua kujihesabu. Tulinunua daftari lile gumu la kurasa nyingi, tukapiga mistari kwa rula: nambari ya nyumba, jina lililo katika vitabu vya mwenye nyumba, jina la anayeishi humo leo, tangu mwaka gani, watu wangapi, risiti ya mwisho ya kodi ni ya lini. Tulizunguka wawili wawili, mama mmoja na kijana mmoja, jioni na Jumapili baada ya ibada, wakati watu wako nyumbani. Ilituchukua wiki sita. Nyumba moja tuliirudia mara nne.

Kuna mama mmoja, jirani yangu tangu nikiwa mtoto, alitutolea mkebe wa zamani wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia, kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na risiti za kodi zilizokunjwa na kufungwa kwa uzi, kila mwaka fungu lake. Nyingine wino ulikuwa umefifia hadi ukiinua karatasi kwenye mwanga ndipo unaona mhuri. Jina lililokuwa juu ya risiti zote ni la marehemu mume wake. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga foleni kulipa miaka yote hiyo, lakini jina lake halikuwa popote.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo hili, na naomba mpasome polepole. Katika mitaa ya umma ya zamani, majina yaliyo katika vitabu na watu walio ndani ya nyumba ni vitu viwili tofauti. Baba alipewa nyumba akiwa mfanyakazi, akafa, watoto wakabaki wakilipa kwa jina lake. Mwingine alihamia shamba akampangishia mtu chumba. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha mabati, humo anaishi kijana na mke wake na mtoto, wanalipa kodi kwa mpangaji, si kwa mwenye nyumba. Siku ya mradi, anayekuja na orodha ya vitabuni anaweza kuwaacha nusu ya watu nje bila kuvunja maandishi yoyote. Na anayekuja kuhesabu bila nyinyi anaweza kuingiza majina msiyoyajua.

Kwetu mjadala ulikuwa mkali. Wapangaji wa vitabuni waliogopa kwamba tukiwaandika watu wa vibandani watagawiwa nyumba pamoja nao. Nilisimama upande wa kuandika wote, kila kundi katika safu yake, bila kuficha nani ni nani. Ukimficha mtu wa kibandani, atatafutwa na mtu mwingine na kuahidiwa kitu, kisha mtaa utakuwa na kamati mbili. Tuligombana, mmoja wetu akajiuzulu, mwishowe tukaandika wote. Mjane wa mkebe wa Kimbo tulimwandika kwa jina lake, tukamsaidia kuomba jina la kwenye kitabu libadilishwe. Fanyeni hilo mapema, kabla mradi haujatangazwa kama inawezekana, maana cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya chifu havipatikani kwa siku moja.

Mukuru, kule viwandani, wamefanya jambo hili kwa ukubwa ambao sisi hatukuufikiria. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, yaani eneo la kuandikiwa mpango wake lenyewe, nako kuna zaidi ya kaya 100,000, wengi wao wapangaji wa vyumba vya mabati. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walikwisha kukusanya habari za wakaazi wenyewe kwa wenyewe: kodi, maji, vyoo, stima. Wakaazi wakapangwa kwa makundi madogo ya majirani, kila kundi na wa kulisemea. Mpango ulipoanza kuandikwa, tayari walikuwa na takwimu zao mkononi. Mpangaji wa Mukuru huenda hana hata risiti, lakini ana hesabu.

Sasa sheria. Si lazima uwe wakili, ila kuna vifungu vichache ninavyovibeba kichwani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatoa haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Cha 10 kinautaja ushirikishaji wa wananchi kama msingi wa utawala. Cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, na huhitaji wakili kufanya hivyo. Ile ripoti yenye sahihi yangu niliipata kwa barua ya ukurasa mmoja, iliyopigwa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Bila ule mhuri barua yako ni maneno ya mdomo.

Na kifungu cha 7: Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi. Mkiletewa mpango wa kurasa mia kwa Kiingereza cha wahandisi, ombeni muhtasari kwa Kiswahili, kwa maandishi, kabla ya mkutano. Sisi tuliomba. Mara ya kwanza tulikataliwa, mara ya pili tukapewa kurasa nane, na katika kurasa hizo nane ndipo wengi walipogundua kwamba nyumba mpya zilikuwa za kununua, si za kupanga.

Kuhusu kuondolewa: Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na wanaosimamia uondoaji wajitambulishe rasmi. Vifungu hivyo vinawahusu wanaodaiwa kukaa kwenye ardhi bila ruhusa. Kwa maoni yangu, mpangaji anayelipa kodi hawezi kukubali chini ya hapo. Mahakama nazo zimesema. Wapangaji wa Muthurwa, waliokuwa katika nyumba za reli zilizohamishiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, walipewa notisi ya siku 90 mwaka 2010. Wakaenda mahakamani, na Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza pande zote zikae zipange utaratibu wa kuhama. Someni vizuri hapo: mahakama haikusema wasihame kamwe. Ilisema hawahami hivyo. Zaidi ya miaka saba baadaye, Januari 2021, Mahakama ya Juu katika kesi ya Mitu-Bell, ya watu waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema hata asiye na hati aliyejenga makao kwenye ardhi ya umma anayo haki ya makazi inayolindwa.

Lakini kesi ni njia ndefu. Mengi huamuliwa mkutanoni, kwa swali lililoulizwa vizuri na jibu lililoandikwa kwenye kumbukumbu. Maswali yetu tuliyagawa, kila mtu lake, ili mmoja akikatizwa asiondoke na yote. La kwanza liwe hili: nyumba ngapi ni za tabaka gani? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile yenye makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, inatenga nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na zile za bei nafuu kwa wanaopata kati ya 20,000 na 149,000. Mchuuzi wa mboga na mwalimu hawako fungu moja. Mradi unaoitwa wa “bei nafuu” unaweza kukosa nyumba ya mchuuzi hata moja, na hutajua usipouliza.

La pili: wakati wa ujenzi tunaishi wapi, na kwa gharama ya nani? Kibera wanalijua hili. Watu wa Soweto East walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009, kaya moja chumba kimoja, jiko na choo vya kushirikiana, na nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alikuwa keshafika la nane. Andikisheni muda na ulipaji wa kodi ya huko, na nini kitatokea mkandarasi akichelewa.

La tatu ndilo gumu: nani ana haki ya kurudi, na orodha hiyo imefungwa kwa mihuri ya nani? Magomeni Kota, Dar es Salaam, wapangaji wa nyumba za umma waliondolewa kabla hakijajengwa kitu, wakatawanyika mjini. Kilichowabakisha pamoja ni ile hesabu, kaya 644. Kila mara suala lao lilipotajwa, lilitajwa kwa nambari hiyo, hadi Rais Magufuli alipofika kwao mwaka 2016 na kuahidi watarudi, na Rais Samia alipozindua nyumba hizo Machi 2022, nyumba 656, za kuzitosha kaya zote 644. Ilichukua takriban miaka kumi, na wapo waliozeeka wakingoja. Lakini hakuna aliyeweza kusema hawajulikani ni akina nani.

Jambo la kamati nitalisema kwa kifupi kwa kuwa linaniuma. Msimwachie mwenyekiti peke yake simu za maafisa. Wetu wa kwanza alianza kuitwa kwenye vikao sisi tusivyoalikwa, na baada ya muda alikuwa anatuletea habari badala ya kupeleka za kwetu. Sasa hatuendi chini ya watu watatu, mmoja awe mama, na tukirudi tunasoma tulichoandika mbele ya bomba la maji, jioni hiyo hiyo.

Mikutano yetu sasa ni Jumapili saa tisa alasiri, tulibishana hadi tukapewa. Katika makubaliano ya mwisho tuliyosaini, orodha ya wapangaji imeambatishwa, imepigwa mhuri wa wenye nyumba na wa kamati kila ukurasa. Watu wa vibandani wamo katika safu yao. Watakacholipwa bado tunakibishania. Daftari lenyewe liko kwangu, nakala moja kwa wakili wa kujitolea, nyingine kwa mama wa mkebe, ambaye tangu mwaka jana hupewa risiti yenye jina lake.