Kabla hujakodi shamba kando ya Ruvu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama ekari 2 alizoonyeshwa kwenye ukingo wa Ruvu, upande wetu wa Bagamoyo, zinafaa kwa matikiti maji. Mwenye shamba amemhakikishia kwamba pampu itafika mtoni kwa bomba fupi na kwamba udongo hauhitaji mbolea. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, nikayaamini.

Habari ya udongo ni kweli. Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, na kila unapofurika huacha bondeni tope laini ambalo wazee wetu walilitegemea kwa mpunga. Bonde ni mahali pa mto kupumzikia maji yanapozidi. Mimi nilitaka mazao ya bonde bila kuuachia mto nafasi yake: nilifyeka matete yote hadi majini, nikakata mikuyu mitatu iliyokuwa kwenye kona ili nipate matuta manne zaidi. Mzee wa shamba la pili aliniambia, "Mwanangu, mto unapiga hapo konani. Ukiitoa hiyo mikuyu, utakuja kuchukua shamba." Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikaendelea kukata.

Misimu kadhaa nilivuna vizuri, na nakiri nilijivuna. Baadaye malori yakaanza kuchota mchanga mtoni, mita chache kutoka kwangu, na kitanda cha mto kikazidi kwenda chini. Asubuhi moja nilikuta ufa umepita sambamba na mto, kuanzia kwenye kisiki cha mkuyu hadi kwenye pampu. Niliingiza kiganja, nikashika mzizi uliooza. Ukakatika kama muhogo uliochemka, na udongo uliokuwa umeushikilia ukaporomoka ndani.

Badala ya kurudi nyuma, nilijenga tuta la viroba. Masika ya 2024 maji yalipita juu yake, na kwa kuwa tuta liliyazuia yasirudi mtoni, yalikaa shambani siku 19. Mpunga wote ulioza, na zaidi ya nusu ekari ilikwenda na mto. Jirani wa ng'ambo, ambaye maji niliyoyazuia yalimwelekea yeye, hadi leo huitikia salamu yangu bila kunitazama. Hilo linaniuma kuliko hasara ya mpunga.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuuacha ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wetu tunaisikia kama amri ya kutunyima ardhi, ilhali matete na mikuyu ya eneo hilo ndiyo inayopunguza kasi ya maji na kuushika udongo. Usifyeke humo, usichome matofali humo, wala usikubali lori liingie humo kwa sababu ya fedha ya wiki moja. Maji ya pampu nayo yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, tena usidhani mto hauishi: mwishoni mwa 2022 ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Na huku karibu na bahari, mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda kuufuata, nayo hayafai kwa matikiti.

Tangu masika yale sijalima ndani ya mita 60. Matete yamerudi yenyewe, miche ya mikuyu niliyopanda inanipita kimo, na pale yalipoota matete ukingo haujameguka tena.

Kaka, nenda na kamba ya mita 60, uipime mbele ya mwenye shamba kuanzia ukingoni. Ikibaki ekari 1 nyuma ya kamba, lipia hiyo 1. Akikataa kuigawa, pita kwangu kabla hujampa fedha, nikuonyeshe kile kisiki. Sasa kiko katikati ya maji.