Mume wangu na bandari ya Mbegani

Ukurasa wa barua: Mwalimu anajibu

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi nakaanga samaki hapa Bagamoyo, mzigo nachukua mnadani pale ufukweni na nauzia Magomeni. Mume wangu ni mwana-CCM tangu kabla hajanioa, na kadi yake ya chama anaitunza kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Kinachonisumbua ni hii bandari. Wakati wa Kikwete alikuwa akisema bandari ikijengwa Mbegani, watoto wetu hawatahangaika tena kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Magufuli alipoukataa mkataba, mume wangu akawa wa kwanza barazani kusema tulikuwa tunauzwa. Mama Samia alipotangaza mazungumzo yafufuliwe, haikupita wiki, bandari ikawa neema tena. Nikamwambia, "Baba watoto, si ulisema tunauzwa?" Akanijibu kwamba hajawahi kuipinga bandari, alichopinga ni masharti. Kaka yangu, fundi boti na shabiki wa CHADEMA, anamcheka sana. Lakini huyo kaka naye mpaka katikati ya 2015 hakutaka hata kulisikia jina la Lowassa, na ilipofika Agosti nikamwona amevaa fulana yenye picha yake. Nakuuliza Mwalimu: hawa wanaume wana imani yao wenyewe, au wanasubiri chama kiseme na wao waseme? Na mume wangu, ananidanganya?

Msomaji wa Dunda, Bagamoyo

JIBU

Marhaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu naliona ndilo linalokuuma. Mumeo hakudanganyi. Kila alichokisema alikiamini siku alipokisema, na leo anaamini kwamba ndivyo alivyoamini siku zote. Mtu mwongo ungeweza kumbana akakiri. Huyu hana cha kukiri.

Hebu tuyapange mambo yenyewe. Makubaliano ya awali ya bandari yalitiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipofika nchini. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi, akiwa anakaribia kuondoka madarakani. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yale angeyakubali mwendawazimu tu: akataja kukodisha kwa miaka 99, na kuzuiwa kuendeleza bandari nyingine kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Sasa angalia wote watatu walikuwa nani walipoyasema hayo. Kila mmoja kwa wakati wake alikuwa mwenyekiti wa CCM. Wewe unamhesabia mumeo kauli tatu. Yeye anajihesabia moja: kwamba yuko na mwenyekiti. Na kwa hesabu hiyo hajayumba hata kidogo.

Geoffrey Cohen, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2003. Aliwapa wanafunzi wa chuo mpango wa serikali wa kusaidia maskini. Mpango mmoja ulikuwa wa ukarimu mkubwa, mwingine wa mkono wa birika. Kisha akawaambia ni chama gani kinauunga mkono. Wanafunzi wakafuata chama. Aliyeaminika kuwa mtetezi wa maskini akaupitisha ule mpango wa ubahili kwa kuwa alielezwa kwamba ni wa chama chake, na wa upande wa pili akaupitisha ule wa ukarimu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kilichonigusa mimi ni majibu yao walipoulizwa sababu. Walisema wameusoma mpango wenyewe na wakaupima kwa imani zao. Wanaoburuzwa na chama, walisema, ni wale wengine. Mumeo na kaka yako wangeweza kuwa wamekaa darasani humo, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Wengine wawili, Michael Barber na Jeremy Pope, walifanya jaribio linalofanana na hilo mwaka 2017. Donald Trump alikuwa amewahi kusema pande zote mbili za mambo mengi, kwa hiyo waliweza kuwaambia wafuasi wa Republican, chama chake, kwamba Trump anataka hivi, na wengine wakaambiwa anataka vile, bila kusema uongo. Wengi wakamfuata kokote alikoelekezwa. Waliofuata kwa wepisi zaidi walikuwa wale wenye ufahamu mdogo wa siasa na, hili lishike, wale waliojitangaza kuwa na msimamo mkali kuliko wote.

Kwa kaka yako sina haja ya kwenda Marekani. Septemba 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya aliowaita mafisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwemo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, ingawa mwenyewe aliendelea kukana tuhuma. Julai 2015 CCM ikalikata jina lake Dodoma katika mbio za urais, kabla mwezi haujaisha akawa CHADEMA, na Agosti akawa mgombea wao wa urais. Akapata asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za Magufuli. Waliokuwa wakimwita fisadi wakamwita mkombozi. Na waliokuwa wakimwimbia Safari ya Matumaini akiwa bado CCM, wakaugundua ufisadi wake siku alipohama. Machi 2019 akarudi CCM, na maneno yakapinduka tena pande zote mbili. Ushahidi kuhusu Richmond haukuongezeka wala kupungua katika miaka hiyo. Kilichohama ni kadi.

Dk. Slaa mwenyewe alikataa. Alijitoa kwenye siasa za chama Septemba 2015 badala ya kumnadi mtu aliyemsoma Mwembe Yanga. Watu wana mengi ya kusema juu ya yaliyofuata kwake baadaye, waseme. Siku ile ilimgharimu, na ndiyo maana naitaja: imani ya mtu haionekani mpaka siku inapogombana na chama chake.

Najua utaniambia, Mwalimu, hizo ni habari za mikataba na wagombea, lakini chini kabisa mtu ana yake ya moyoni: haki, usawa, hofu ya Mungu, heshima kwa maskini. Hayo chama hakiyafikii. Nami nilipenda iwe hivyo. Lakini Paul Goren, mtafiti mwingine wa Marekani, alifuatilia majibu ya wapiga kura wale wale kati ya 1992 na 1996, akawapima chama na akawapima maadili yao juu ya usawa, ukubwa wa serikali, familia na kuvumilia wanaoishi tofauti. Akakuta chama ndicho kilichotulia zaidi, na kwamba chama cha mtu leo kinayavuta maadili yake ya kesho. Sisi tumezoea kuamini kwamba mtu anatazama imani zake kwanza ndipo achague chama kinachofanana nazo. Mara nyingi huwa kinyume.

Mimi nimelishuhudia hapa kwetu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili, kuwa na nyumba ya kupangisha. Tulilifundisha hilo kama tunavyofundisha kwamba kuiba ni dhambi. Mwalimu mwenzangu mmoja, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akilichora ubaoni: mpangaji upande huu, mwenye nyumba upande ule, katikati mrija wa unyonyaji. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Muhula uliofuata nilimkuta yule yule ofisini kwa walimu akiwaeleza vijana kwamba nyumba ya kupangisha ni akiba ya uzeeni na kiongozi naye ni binadamu. Hakuwa na nyumba ya kupangisha, wala hakupata kuwa nayo. Hakuwa na faida yoyote katika mabadiliko yale. Chama kilihama na yeye akahama na samani zake zote, na usoni hakuwa na hata alama ya kuumia. Nilimpenda sana yule bwana, alikuwa mwadilifu mno kwa fedha za shule. Kwa hiyo sikubaliani kamwe na anayesema watu hawa ni wanafiki au ni mbumbumbu.

Tena utii wa chama una kazi yake. Mkataba wa bandari wewe hukuuona, mumeo hakuuona, nami sikuuona. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mnada atausoma saa ngapi hata angepewa? Anamwamini yule aliyezoea kumwamini. Halafu kuna yale yasiyo ya siasa kabisa: ni wanachama wenzake wanaokuja na sanda anapofiwa, ndio wanaosimama naye harusini. Ukimwambia amekosea kuhusu bandari, yeye anasikia unamwambia awaache hao.

Ndiyo maana nakuomba usimbane barazani, mbele ya shemeji yake anayecheka. Atashika alichoshika kwa nguvu zaidi. Mngojee mko wawili. Na usianze na "ulisema", anza na jibu lake mwenyewe, maana ni jibu zuri: alipinga masharti. Magufuli naye alisema ni masharti. Basi muulize ni masharti gani, na katika hayo ni lipi limebadilishwa tangu 2021. Akikutajia, jua mumeo anaifikiri bandari na ameiunga mkono kwa sababu zake. Akikosa la kutaja, usimcheke. Muulize la pili: masharti yale yale yangeletwa na CHADEMA, angeyakubali? Muulize na kaka yako kwa upande wake. Mwache kila mmoja akalale nalo.

Na kuna la tatu, nalo mimi naliona ndilo zito. Mpeleke Mlingotini. Kuna akina mama pale wanaolima mwani, maji yakipwa utawakuta wameinama kwenye kamba zao. Muulize: mama huyu akitakiwa apishe, apewe nini, na nani akae naye mezani kabla hajaondolewa? Hapo hakuna mwenyekiti aliyemtangulizia jibu. Nimeona mara nyingi kwamba mtu yule yule anayejibu kwa sauti ya chama ukimwuliza habari za "uwekezaji", hujibu kwa sauti yake ukimwuliza habari za mtu anayemfahamu. Jibu atakalotoa pale ufukweni lishike, kisha mkirudi kwenye bandari mwambie aipime kwa jibu hilo. Akiona bandari inapita, aiunge mkono kwa moyo mweupe. Akiona haipiti, bado atabaki mwana-CCM, na ana kikao cha tawi cha kwenda kuyasemea hayo.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko Ngamiani, Tanga. Sina chama, huwa naangalia mtu. Mwaka 2015 kura ya urais nilimpa mgombea wa CCM na ya ubunge wa Tanga Mjini nikampa wa CUF, ambaye alishinda. Wenzangu kijiweni wananiita ndumilakuwili. Je, si sahihi kusema kwamba maoni yangu ni huru kuliko yao?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Marhaba. Ndumilakuwili hukuwa. Kura ni mbili, kazi ni mbili, ulizipima mbalimbali. Wenzako wakome.

Kuhusu uhuru, ngoja kwanza. Wapo wengi Marekani wanaosema hawana chama, na watafiti wamewachunguza kwa miaka mingi. Ukiwauliza swali moja zaidi, unaegemea wapi, wengi wanataja upande, na siku ya kura wanapiga kama wanachama wa upande huo. Kwa hiyo jiulize hilo swali moja zaidi, ukiwa peke yako.

Halafu huyo "mtu" unayemwangalia, kwa Katiba yetu hafiki kwenye karatasi ya kura bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2013 akashinda, lakini Katiba haikubadilishwa kwa ajili hiyo. Na mbunge akivuliwa uanachama, ubunge nao umekwenda. Mtu wako mzuri, siku dhamiri yake na chama vikigongana, ana mengi ya kupoteza, na wewe uliyemchagua kwa ajili ya utu wake unapaswa kulijua hilo mapema.

Basi akija kuomba kura, usimwulize atajenga nini. Mwulize ni jambo gani la chama chake alilowahi kulipinga hadharani, lini, na likamgharimu nini. Wengi watakuambia mambo ya ndani hayazungumzwi nje. Akitokea mmoja akakujibu kwa jambo na mwaka, nenda ukathibitishe kwa waliokuwepo, kisha uniandikie. Nitalichapa hapa, awe wa chama chochote.