Haidrojeli: kupaka maji ni rahisi, kazi ni kuyabakiza

Ngozi yangu ni ya mafuta. Ikifika mchana paji la uso linang'aa, na krimu nzito yoyote nikiipaka kwa siku chache mfululizo, chunusi zinaota mashavuni na kidevuni. Kwa hiyo mimi ni mtu wa jeli tangu zamani: jeli ya kuoshea uso, jeli ya kulainisha, jeli ya dawa. Dada yangu tumetoka tumbo moja, lakini ngozi yake ni kavu, inapauka hata akiwa ametoka kuoga sasa hivi. Akipaka jeli ninayoisifia mimi, haichukui muda anauliza mbona uso unamvuta. Wengi wanaoniuliza kuhusu jeli hizi wako upande wangu au upande wake, na ushauri ninaowapa haufanani hata kidogo.

Jeli ninazozungumzia kitaalamu huitwa haidrojeli. Ndani yake kuna molekuli ndefu ndefu, yaani polima, zinazopenda maji na zilizoshikana hapa na pale kama wavu. Zikipata maji haziyeyuki zikapotea. Zinavimba na kuyakamata katikati. Maji yanaweza kuzidi asilimia 90 ya uzito wote, na bado ukichota kwa kidole jeli inasimama. Mwaka 1960 wanakemia wawili wa Chekoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jeli za namna hii zinazoweza kukaa mwilini bila kuleta madhara, na kutokana na kazi hiyo zikapatikana lenzi laini za macho. Leo ukoo huohuo uko kwenye vifuniko vya vidonda, barakoa za uso, seramu, jeli za nywele, hata kwenye sindano za kujaza mikunjo.

Ukitaka kuielewa jeli yako, fanya jambo moja dogo. Tafuta jeli ya uso iliyo angavu, ile ambayo kwenye lebo utakuta neno Carbomer. Weka tone lake kwenye sahani, nyunyizia punje chache za chumvi ya mezani, kisha koroga kwa ncha ya kijiti. Kwanza italegea pembeni ya zile punje, halafu tone zima litavunjika liwe majimaji yanayotiririka ukiinamisha sahani. Kaboma ni polima ya asidi ya akriliki. Kiwandani ikishachanganywa na kitu chenye alkali, nyuzi zake hubeba chaji hasi. Zinasukumana, zinajinyoosha, na zikijinyoosha zinashika maji mengi mno. Mara nyingi haihitajiki hata kufika asilimia 1 ya kaboma kuifanya jeli ya chupa nzima iwe nzito. Chumvi ikiingia inazifunika zile chaji, nyuzi zinajikunja na maji yanaachiliwa.

Sasa fikiria uso wako. Una jasho, na jasho lina chumvi. Ndiyo maana jeli nyingine ukiipaka tu inapasuka ikawa maji chini ya vidole. Wauzaji hupenda kusema hapo ngozi imeinywa. Ukweli ni kwamba jeli imekutana na chumvi yako ikayaachia maji, na swali la maana linaanzia hapo: maji hayo yanakwenda wapi?

Sehemu yake inaingia kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, ambalo sehemu kubwa ya mwili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 hivi. Tabaka hilo likilowa linakuwa laini na mistari midogo ya ukavu inajificha. Sehemu kubwa iliyobaki inapaa hewani, na ule ubaridi mtamu unaousikia ni joto la ngozi linaloondoka pamoja na maji yanayokauka. Yakishakwisha, juu ya ngozi unabaki utando mwembamba wa polima iliyokauka. Kwangu mimi hilo halina shida, kwa sababu mafuta yangu mwenyewe yako pale kuzuia maji ya ndani yasitoke ovyo. Kwa dada yangu hakuna kinachozuia. Utando unakauka, unakaza, uso unavuta.

Kwa hiyo mwenye ngozi kavu simwambii aache jeli. Namwambia asiishie kwenye jeli. Nawa uso, kausha kidogo kwa kitaulo ukiacha unyevu, paka jeli, subiri kidogo ishike, kisha paka juu yake krimu yenye mafuta au mafuta ya mgando kiasi cha kutosha kuacha utando tu. Mafuta ya mgando hayaongezi maji hata tone. Kazi yake ni kufunga mlango. Jeli ndiyo iliyoleta maji. Vikitumika pamoja kwa mpangilio huo, dada yangu anashinda bila kupauka, na ni jeli ileile aliyokuwa akiilalamikia.

Angalia pia gliserini. Viambata huandikwa kwenye lebo kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ingawa vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Gliserini ikiwa ya pili au ya tatu baada ya maji, jeli hiyo ina kitu cha kuyashikilia maji hata baada ya polima kuyaachia. Gliserini ni rahisi, ya siku nyingi, na haipigiwi debe, lakini nikilazimishwa kuchagua kiambata kimoja tu cha kulainisha ngozi ningechukua hicho bila kusita.

Kinachopigiwa debe ni asidi ya hayaluroniki. Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe, na kweli inashika maji vizuri. Tatizo langu ni ahadi zinazoandikwa kwenye kopo. Kwa kawaida molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupata taabu kupenya ngozi isiyo na jeraha. Asidi ya hayaluroniki ya kawaida huwa na daltoni laki kadhaa, mara nyingi zaidi ya milioni. Inakaa juu. Ikikaa juu inafanya kazi nzuri ya kulainisha, nami ninaitumia kwa furaha, ila haiendi kujaza mikunjo kutokea chini. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, nayo ni hivyohivyo, ina daltoni laki tatu hivi. Zile barakoa za kulala nazo, ambazo zinaanza zikiwa nyeupe na kuamkia zikiwa angavu, husemwa kwamba kolajeni yote imeingia usoni. Jeli inapopoteza maji na kuwa nyembamba mwanga unapita kirahisi zaidi. Mabadiliko uliyoyaona yametokea kwenye barakoa.

Hata hivyo barakoa za jeli nazipenda, na sababu yangu ni ya kawaida kabisa. Zinalala vizuri kwenye mikunjo ya pua na kidevu kuliko za kitambaa, hazidondoshi maji shingoni, na muda zinapokuwa usoni zinazuia ngozi isipoteze maji yake. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Itoe ikiwa bado ina unyevu, maana ikikaukia usoni inang'ang'ania na kuvuta ngozi. Ukishaitoa, rudi kwenye kanuni ileile: funga kwa krimu, hasa kama ngozi yako ni kavu. Ukiacha uso wazi baada ya barakoa, ulaini unakwisha kabla hujamaliza kuvaa.

Kuna barakoa nyingine ya unga ambayo saluni wanaichanganya mbele yako, na hiyo ni kemia nzuri ya kutazama. Unga huo una alginati, inayotokana na mwani wa kahawia, pamoja na chumvi ya kalisiamu. Maji yakiingia, kalisiamu inaanza kuzifunga nyuzi za alginati moja na nyingine, na baada ya dakika chache uji uliokuwa unatiririka unakuwa mpira laini unaobanduka mzima kwa umbo la uso wako, hadi alama za vinyweleo. Ukiifanya mwenyewe, changanya kiasi cha mara moja na uwe na mkono mwepesi, kwa sababu ikianza kushika hairudi nyuma. Paka mafuta ya mgando kwenye nyusi na ukingo wa nywele kwanza. Asiyefanya hivyo atajua wakati wa kubandua.

Kwa wenye chunusi, jeli ni rafiki wa kweli kwa sababu inabeba dawa bila kuongeza mafuta. Adapalini ya asilimia 0.1 inapatikana kama jeli, na benzoili peroksidi pia. Lakini mtu asidhani kwamba kitu kikiwa jeli basi ni cha upole. Dawa hizo zinakausha na kuchubua, hasa wiki za mwanzo, na hata sisi wenye ngozi ya mafuta tunahitaji kilainishi pamoja nazo. Vilevile soma lebo kuona kama pombe, yaani Alcohol Denat., imeandikwa karibu na mwanzo. Jeli za namna hiyo zinakauka upesi na kuacha ngozi bila ng'aro, zinapendeza kwa muda mfupi, kisha zinaunguza palipochubuka au palipotoka kunyolewa.

Vile vibandiko vidogo vya duara vya chunusi navyo ni ndugu wa karibu. Ndani yake mna vitu kama selulosi iliyobadilishwa, pektini au jelatini, ambavyo vikinyonya majimaji ya chunusi vinageuka jeli hapohapo. Lile doa jeupe unaloliona asubuhi ni hilo. Vinafaa kwa chunusi iliyokwisha kutoa kichwa au kupasuka. Kwa uvimbe wa ndani usio na mdomo havina cha kunyonya. Wazo la kuacha kidonda kwenye unyevu badala ya kukikausha lilipata nguvu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipoonyesha kwa nguruwe kwamba majeraha ya juujuu yaliyofunikwa yasikauke yaliota ngozi upesi kuliko yaliyoachwa wazi. Kwangu faida kubwa zaidi ni kwamba kibandiko kinanizuia kuitumbua kwa vidole, na makovu yamepungua sana kwa hilo tu.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mshubiri. Jeli ya ndani ya jani ni haidrojeli ya asili, takriban asilimia 99 maji. Ukikata jani, lisimamishe kwanza mpaka ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda utoke, kisha osha. Utomvu huo una aloini na unawasha ngozi ya watu wengi. Tumia siku hiyohiyo. Jeli yoyote yenye maji mengi hivyo na isiyo na kihifadhi ni makazi mazuri ya bakteria na ukungu, na uchafuzi huanza kabla harufu haijabadilika. Kwa sababu hiyohiyo sinunui jeli inayojisifu kuwa haina kihifadhi chochote. Fenoksiethanoli, inayotisha watu kwa jina lake refu, Umoja wa Ulaya unairuhusu hadi asilimia 1, na ningependa iwemo kuliko kupaka ukungu usoni. Kopo la mdomo mpana chota kwa kijiko kisafi. La pampu ni bora zaidi.

Ukiona vichembe vinajiviringisha chini ya vidole unapopaka krimu ya kukinga jua, hiyo si ngozi iliyokufa. Ni polima ya jeli pamoja na silikoni za krimu zinazokunjana kwa kusuguliwa. Punguza kiasi cha jeli, iache ikauke, kisha krimu ya jua ipapase badala ya kuisugua. Kwangu tatizo limekwisha hivyo.

Nimalizie na zile za sindano, kwa sababu siku hizi zinatangazwa pamoja na seramu utadhani ni kitu kimoja. Jeli ya kujaza midomo au mashavu mara nyingi ni asidi ya hayaluroniki ambayo nyuzi zake zimeunganishwa kwa kemikali ili ikae miezi mingi bila kuyeyuka. Ikikosewa njia ikaingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuuziba, ngozi ikafa, na wapo waliopoteza uwezo wa kuona. Ngozi ikigeuka nyeupe au ya madoadoa, maumivu yakiwa makali, au macho yakififia, ni dharura ya papo hapo. Kuna kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi kinachoyeyusha jeli hiyo, lakini kinasaidia kikiwahi. Kabla hujakaa kwenye kiti, muulize anayekudunga mambo matatu: yeye ni daktari aliyefundishwa kazi hii? Jeli iliyomo kwenye sindano ni ya aina gani? Hayaluronidesi anayo hapo hapo chumbani? Akisitasita kwa lolote kati ya hayo, chukua mkoba wako uondoke.